Baruti ya Optatus

Jumatatu, 1 Septemba
Nafasi moja imebaki katika timu ya klabu yetu ya shabaha. Ni mimi au Mzee Optatus, Mtanzania wa mtaa wa Rågsved huku ughaibuni, nesi mstaafu, mpole mno. Leo, mita mia, matundu yake matano yangefunikwa na kizibo cha soda. Yangu yangehitaji sahani. Bunduki zetu ni za aina moja. Sote tunajaza risasi wenyewe. Kwa hiyo tofauti ni baruti.

Jumatano, 3 Septemba
Nimempelekea maandazi ili anipe siri. Hakuficha chochote. Akanionyesha kopo: baruti inayoungua polepole. Akasema kila bunduki ina baruti inayopatana nayo, nifuate kitabu cha vipimo, nipime kila risasi, nibadilishe kitu kimoja kwa wakati. Na nisivute kifyatulio kama ninang'oa jino.
Mtu akitoa siri upesi hivyo, kuna nyingine amebakiza.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimenunua baruti ile ile. Nimebadilisha na vichwa vya risasi, kuokoa muda. Mke wangu Akeyo akauliza nitajuaje kilichosaidia ni kipi. Nikamwambia vyote. Akanitazama, akaendelea kukunja nguo.

Jumamosi, 6 Septemba
Mchujo. Optatus: kizibo. Mimi: sahani, na risasi moja haikugusa hata karatasi.
Nikamlalamikia Inès, Mkongo anayesimamia uwanja, kwamba mtutu wangu umepinda. Akamwomba Optatus aijaribu bunduki yangu, kwa risasi zangu.
Akapiga tano. Kizibo.
Inès aliishusha karatasi. "Papa Optatus ndiye anaenda," akasema taratibu.
Mzee akanirudishia bunduki kwa mikono miwili. "Bunduki ni nzima, mdogo wangu. Risasi umezijaza vizuri. Bega lako ndilo linaloogopa kishindo. Njoo Jumanne nikufundishe."
Macho yaliniwasha. Nikasingizia moshi, na baruti hii haina moshi.

Jumapili, 7 Septemba
Kanisani sikusikia mahubiri. Akeyo ameniomba niende kwa mzee, kwani hakuna aibu kufundishwa.
Nimelifikiria kwa utulivu. Bega lina kasoro gani? Limenibebea magunia miaka kumi. Ila ni bega la mtu mwenye haraka, nami nimelilisha baruti ya polepole.
Nimempigia Optatus, nikamshukuru sana, nikamwambia Jumanne nina shughuli.
Kesho duka la baruti linafunguliwa saa nne.