Ofisi Yangu ya Dukani

Jumatatu, 3 Machi
Nimeitwa usaili. Kazi ya kupokea malalamiko ya wateja, unaifanyia nyumbani, unalipwa umekaa. Kukaa nina kipaji. Usaili ni wa video kwenye kompyuta, Alhamisi asubuhi. Tatizo, binamu yangu naye kaitwa, na nafasi ni moja. Tunamwita Profesa kwa sababu alimaliza shule. Mimi shule ilinimaliza yenyewe. Dada, ambaye nalala sebuleni kwake, kasema nikikosa na hii, Ijumaa nakabidhiwa koleo nikasafishe mabanda ya kuku ya shemeji.

Jumanne, 4 Machi
Dada kajifanya msaili. Kaniuliza mteja akinifokea nitafanyaje. Nikamjibu nitamkatia simu apoe. Akashika kichwa, akasema turudie. Nikamwambia mchezaji mkali hajichoshi kabla ya mechi. Akahamia kwa Profesa. Mpaka jioni nawasikia, pole sana mteja wetu, pole sana mteja wetu, kama kasuku wawili. Hawajui kuwa kinachoajiri mtu ni ukuta wa nyuma yake. Ukuta wetu una kamba ya nguo.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata ofisi! Jirani muuza samani ana meza ya bosi, kiti cha kuzunguka na kabati la vitabu. Kakubali nikae dukani, ila nisimfukuzie wateja. Nikamwambia mzee wangu, hata hutajua kama nipo. Mtandao wa pale sijaujaribu, kwa nini nijitafutie nuksi? Profesa kajaribu wake mara mbili. Mwoga huyo.

Alhamisi, 6 Machi
Wasaili wawili, mama mwenye miwani na kijana asiyecheka. Mtandao ukagandaganda, kila mara nimefumba macho. Mama kasifu kabati langu. Nikasema nimerithi kwa babu. Hapohapo wakaingia wanaume wawili, wakalibeba. Kijana akauliza kulikoni. Nikasema linakwenda kupigwa vanishi.

Kisha bibi mmoja akashika kiti changu, akaniuliza, mwanangu, hiki kinazunguka? Nikazunguka, ningefanyaje. Akakipenda, akaniinua akakikalia. Nikaendelea na usaili nimepiga magoti, kidevu mezani. Mama mwenye miwani akauliza mteja akinifokea nitafanyaje, na bibi naye ananifokea nipunguze bei. Nikamgeukia nikamwambia atoke nje apoe. Wasaili wakaandika. Nadhani walilichukua kama jibu.

Ijumaa, 7 Machi
Profesa kapata. Alikaa mbele ya ukuta mtupu, eti akajibu maswali. Mimi walinipigia kwa heshima, wakanishauri siku nyingine nichague pahali tulivu, nijaribu mtandao mapema, nifanye mazoezi na mtu. Dada kasema hayohayo, huku ananipa koleo.

Nimetafakari sana humo bandani. Kosa langu nimeliona: fanicha zinauzika. Jumanne nina usaili mwingine, na nimeshaongea na mpiga picha. Studio yake ina maktaba nzima iliyochorwa ukutani, hiyo haibebeki. Kanionya kwamba Jumanne asubuhi anapiga picha chekechea nzima. Nimemwambia asijali, watoto wananipenda.