Ndevu Zangu na Safari ya Mmarekani

Jumapili, 19 Machi 2000
Alhamisi nnamwozesha mjukuu wangu Mahbuba. Baba yake hayupo duniani, walii wa kumwozesha ni mimi. Mdogo wangu Marhoon anainyemelea nafasi hiyo, eti mimi nnatia aibu mbele za watu. Mimi! Nnayejua siasa ya dunia nzima bila kukanyaga skuli!

Leo barazani kwenye kahawa, mtaani kwetu Wadi Kabir, Marhoon kanibishia. Rais wa Marekani anakwenda India na Pakistan, Marhoon kasema Mmarekani sasa anawataka Wahindi. Nimemcheka. Pakistan ni kipenzi chake tangu zamani, nani asiyejua? Nikaapa mbele ya wote: akikaa India zaidi ya Pakistan, sikai tena kwenye kiti cha kinyozi wa Kipakistani. Marhoon kageukia kikombe chake. Nimemshinda!

Jumanne, 21 Machi
Kwa Sherdil, kinyozi wangu Mpakistani, kupakwa piko ndevu ziwe nyeusi kwa harusi. Kamaliza upande wa kulia. Redio ikasema: India siku tano, Pakistan saa chache tu. Saa! Rafiki wa miaka yote, kama mtu anayeshuka garini kununua sigara! Nikageuka. Mlangoni nani? Marhoon. "Kaka, kiapo." Sherdil kanisihi nikae, kasema Mmarekani hana ndevu, haya hayamhusu. Lakini neno langu ni neno. Nikatoka. Kulia nyeusi, kushoto nyeupe.

Jumatano, 22 Machi
Kwa kinyozi wa Kihindi, Kumaran. Nimempongeza kwa kumpata Mmarekani. Hakuelewa, kashukuru. Piko ilikuwa karibu imwishie tangu Idi, zimebaki pakiti chache mchanganyiko. Nikajichagulia pakiti mwenyewe, yenye picha ya bibi wa nywele nyeusi. Nikasinzia. Kuamka, ya Rabi! Kushoto nyekundu! Kumbe hina!

Mahbuba kaniona, kacheka mpaka kakaa chini. Kisha kalia. "Babu, kanyoe zote." Ninyoe? Marhoon atasema nimeshindwa!

Alhamisi, 23 Machi
Msikitini nimejifunga kilemba mpaka puani. Kadhi kasema haozeshi na mtu asiyemwona uso. Nikafunua. Bwana harusi, Yazid, kanitazama kulia, kanitazama kushoto, kama anayevuka barabara. Marhoon keshasogea, mkono kaunyoosha. Nikamkanyaga mguu. Nikamshika Yazid mkono, nikatamka maneno yote bila kukosea. Kadhi kafumba macho mpaka mwisho. Mahbuba kaolewa, na walii mimi!

Jumamosi, 25 Machi
Mmarekani kashuka Pakistan! Kufika ni kufika! Nikaenda kwenye kahawa kudai ushindi. Marhoon kasema Mmarekani kaenda kuwagombeza tu. Nikamuuliza, wewe unamgombeza mtoto wa jirani au wako? Wote wananitazama ndevu.

Sherdil kazinyoa zote, bure, kwa huruma. Nimenyolewa nimesimama. Kiapo kilikuwa cha kiti.

Nikarudi kwenye kahawa. Marhoon kasema baada ya Wahindi, Mmarekani atawafungulia Wachina biashara. Wachina! Nimecheka mpaka nikapaliwa na kahawa. Nimeapa mbele ya wote: akifanya hivyo, nanyoa nyusi.