Kadi ya Sitini na Moja Ambayo Hamkuichapa

Nyumba ya Mlango wa Kijani,
Nyuma ya Kinyozi.

Kwa Mkurugenzi,
Kiwanda cha uchapaji kilichokuwa kikitoa kadi za mchezo wa Ngome za Ukungu.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUWAACHA WANANGU NJIANI

Nakusalimu kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu umeistahili salamu yenyewe.

Anwani yako nimeitoa ubavuni mwa boksi la kadi, chini ya picha ya mnyama mwenye mabawa anayetapika moto bila mtu kumuuliza kala nini. Boksi hilo lina miaka kumi na minane. Kama mmehama, mtu wa posta atawatafuta, ndiyo kazi yake. Nasikia siku hizi mnachapa kalenda na majalada ya madaftari. Hongereni. Kalenda angalau kila mtu anajua itaishia Desemba.

Shule niliishia darasa la tatu, na mwandiko huu ni wangu mwenyewe, sikuandikiwa. Nimeanza asubuhi baada ya kufagia. Ukiona mstari umepinda, usinicheke. Ni meza, na habari za meza zinakuja.

Nina wana wawili. Mkubwa ni fundi wa kuchomelea vyuma, ana miaka arobaini na sita. Mdogo ni kinyozi, ana arobaini na mitatu. Wote wana wake, wana watoto, na wana upara unaonyemelea. Miezi saba sasa hawasemeshani, na mkubwa hajakanyaga kwangu, kwa sababu ya kadi moja ambayo wewe hukuichapa. Hiyo ndiyo shida yangu. Mengine yote utakayosoma ni maelezo, na nimeyatia namba usije ukasema hukuelewa.

1. Mliacha bila kuaga. Kwenye boksi mmeandika wenyewe, kwa herufi za dhahabu, kwamba kadi zote ni tisini. Zilitoka sitini, mkanyamaza. Mkate ukiisha dukani, mwenye duka anasema umeisha. Wanangu walikwenda duka la vitabu kila Ijumaa mwaka mzima kuulizia pakiti mpya, mpaka muuza duka akiwaona tu anajificha nyuma ya rafu. Mtu mzima, mwenye miwani, anajificha. Nilikwenda mwenyewe kumtoa huko nyuma, akaniambia, "Mama, hata mimi sijaambiwa kitu." Kiwanda kizima, chenye mkurugenzi, makarani na mashine, kilikosa kipande cha karatasi cha kuandika kwamba kimeacha. Na kazi yenu ni karatasi.

2. Kwa kuwa kadi mpya haziji, zile za zamani zimetawala nyumba yangu. Kadi moja inavalishwa vifuko viwili vya nailoni, cha ndani na cha nje, na mwenye kadi anakwenda harusini na shati lisilo na vifungo viwili. Kadi haiguswi na mkono wenye mafuta. Kadi haikai juani. Kadi haipulizwi. Watoto wao nimewalea bila masharti hayo, na wamekua. Droo mbili za juu za kabati langu la vyombo ni za kadi, vijiko vyangu vinaishi kwenye kopo la maziwa kama wapangaji.

Mwaka mmoja meza ilikuwa inayumba, nikachukua kadi moja nikaitia chini ya mguu. Meza ikatulia miaka minne, sijapata kuona karatasi yenu ikifanya kazi ya maana kama ile. Siku walipoigundua, mdogo alikaa sakafuni akashika kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba, na mkubwa akawa anampepea kwa sinia. Ilikuwa Malkia wa Chumvi. Wanasema katika mji huu zilikuwepo mbili. Sasa ipo moja na nusu. Tangu siku hiyo meza inacheza, na sasa unajua kwa nini mistari yangu imepinda.

3. Hapa ndipo penye kosa lako hasa, kwa hiyo weka kikombe chini usome.

Mimi kadi hizi sizijui na wala sina haja ya kuzijua. Ninachojua ni kwamba kila mchezaji ana ngome yake, na anayebomolewa ngome ameshindwa. Unaruhusiwa walinzi watatu mezani, si wanne, isipokuwa kama una Malkia wa Chumvi, na huyo mnajua yuko katika hali gani. Mlinzi mpya haondoki ngomeni zamu ya kwanza. Na kadi ya sitini, ya mwisho mliyotoa, inaitwa Mlinzi wa Lango. Imeandikwa hivi: "Mlinzi huyu akiwa na Ufunguo, adui hapiti. Tazama kadi namba 61."

Nitazame wapi? Ya sitini na moja haipo. Mmempa mtu lango, mkamnyima ufunguo, mkaenda kuchapa kalenda.

Wanangu walikuwa wakicheza kwangu kila Jumamosi, pamoja na mwalimu wa hesabu tunayemwita Kanuni, kwa sababu ndiye mshika kijitabu cha kanuni za mchezo. Jumamosi ya miezi saba iliyopita mdogo alikuwa amebanwa, ngome inamong'onyoka. Akamtoa Mlinzi wa Lango, akamweka mezani taratibu kama anamlaza mtoto. Mkubwa akacheka, akasema huyo hana Ufunguo, jeshi langu linapita. Mdogo akamjibu, "Ufunguo haujachapwa duniani. Nani ataniambia kwamba sina?" Mkubwa akasema, "Basi na mimi nina jeshi la pili ambalo halijachapwa, liko nyuma yako, geuka."

Kanuni akafungua ukurasa wa mwisho wa kijitabu chenu. Nimeusoma mwenyewe: "Ukitokea ubishi usiotatuliwa humu, mwandikieni mchapaji. Neno lake ndilo la mwisho." Nikawauliza, haya, miaka kumi na minane mna wa kumwandikia, mbona hamjaandika? Kila mmoja anaogopa asije akajibiwa. Kanuni alisema hana stempu.

Kutoka hapo maneno yaliacha kadi yakaenda kwa watu. Mkubwa alimwambia mdogo, "Tangu utotoni ukishindwa unabadilisha mchezo." Mdogo akamwambia, "Na wewe tangu utotoni ukishinda huna kaba ya mdomo." Mimi niliyewalea nathibitisha kwamba wote wawili wamesema kweli, ila hakuna aliyeniuliza. Mkubwa akafunga boksi lake, akaondoka. Chai yake ilibaki mezani, imejaa.

4. Sasa sikia madhara. Mkubwa hanyolewi tena na mdogo wake. Anavuka soko zima kwenda kwa mtu ambaye nadhani kunyoa alijifunza kwa kondoo. Kichwa cha mwanangu kina ngazi. Mbele kuna nywele, nyuma hakuna, juu ya sikio pana kitu sijui nikiite nini. Na kwa makusudi anapita mbele ya duka la mdogo wake, polepole, kofia mkononi, ili kila mtu aone.

Mdogo naye geti la chuma la dukani limekatika bawaba. Karakana ya ndugu yake iko ng'ambo ya barabara, cheche zinaonekana ukiwa umekaa kwenye kiti cha kunyolewa. Badala ya kuvuka barabara, amelifunga geti kwa waya wa redio. Wateja wanaingia ubavu ubavu. Mzee mmoja mnene alinasa, akanyolewa akiwa hapo hapo mlangoni.

Wake zao hawana ugomvi wowote, lakini wanaongea kwa simu wamejifungia jikoni, wananong'ona kama wezi. Na mimi kila Jumamosi natoa vikombe vinne kabatini, halafu nakumbuka, narudisha kimoja.

5. Kwa hiyo nadai haki, na madai yangu ni haya.

Kwanza nilitaka uchape kadi namba 61, moja tu. Mashine unayo. Kama umesahau picha yake, ni ufunguo, chora ufunguo. Lakini nikafikiri: ikija moja, nani ataishika? Basi uchape mbili. Lakini zikiwa mbili, malango yote mawili yamefungwa, hakuna anayeingia kwa mwenzake, na mchezo hautakwisha mpaka nizikwe. Kwa hiyo kadi siitaki. Ungeichapa wakati ule.

Nikaona basi uandike barua yenye muhuri, useme nani ana haki. Lakini nawajua wanangu. Atakayeshindwa atasema muhuri ni wa kuchongesha. Kwa hiyo inabidi uje mwenyewe, na kitambulisho, na mtu wa pili wa kukushuhudia kwamba wewe ndiye wewe.

Ukishafika, usidhani utasema neno moja na kuondoka. Kanuni ana daftari la maswali yenu yasiyojibiwa, yapo mia mbili na kumi na mawili, ameyaandika kwa kalamu nyekundu. Tunacheza Jumamosi tu, na kwa jinsi watu hawa wanavyobishana mtamaliza maswali matatu kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe, kuna watu wa hesabu huko kwenu. Itabidi uhamie. Nina stoo ina dirisha, utalala kati ya maboksi uliyoyatengeneza, na asubuhi utafagia. Mkeo aje pia, sina neno na yeye. Ukifa kabla maswali hayajaisha, mrithi wako akae kwenye kiti chako aendelee.

Kama hayo yote yanakushinda, njia iliyobaki ni kuja na gari kuwachukua wanangu wote wawili. Umewashika akili zao miaka kumi na minane, mimi niliwashika muda mfupi zaidi kabla hawajaanza kunijibu. Wote wanakula sana. Mkubwa hali vitunguu.

Sina zaidi. Nisalimie makarani, mwambie mtu wa mashine nimemkumbuka, msalimie na mke wako ambaye namwonea huruma bila kumjua. Msalimie pia mlinzi wa getini kwako, ambaye natumaini yeye mlimpa ufunguo.

Ni mimi niliyewazaa,
Bibi wa Mlango wa Kijani.

Nyongeza.

Barua ilikuwa imekwisha na bahasha nimeshaifunga. Nimeifungua tena kwa mvuke wa birika, kwa sababu mambo yameharibika.

Nilipofika namba tatu nilimwita mdogo aje anisomee maneno ya ile kadi, nisije nikakusingizia. Akanisomea, akanieleza na ubishi wenyewe ulivyoanza, maana mwanzo wake mimi nilikuwa jikoni. Nikaona si haki kusikiliza upande mmoja, nikampigia simu mkubwa. Akaniuliza kama lile jeshi lake la pili nimeliandika. Nikasema sijaambiwa habari za jeshi. Akasema, "Mama, usiitume hiyo barua. Nakuja."

Amekuja, na boksi lake, na kichwa chake. Amekaa hapa tangu saa sita mchana. Namba tatu uliyoisoma imeandikwa mara nne, kila mmoja akisimama nyuma ya bega langu kunikosoa, wakati hakuna hata mmoja aliyewahi kuniandikia barua. Baadaye mdogo akasema hawezi kubishana na mtu mwenye kichwa cha namna ile, kinamtoa kwenye hoja, akaenda kuleta mashine. Sasa wako uani. Anamnyoa. Hakuna aliyeomba radhi, usifikiri wamekuwa watu wazima. Mkubwa ameinamisha shingo, huku anauliza ni mwehu gani anafunga geti kwa waya wa redio, na mdogo anamwambia atulie asije akakatwa sikio. Mlinzi wa Lango yuko mezani, jeshi limesimama mbele yake, hakuna aliyesogea.

Wameniuliza jibu lako litakuja lini. Nimewaambia litaletwa hapa kwangu Jumamosi, ila ni Jumamosi ipi sijui, na litafunguliwa papo hapo mbele ya atakayekuwepo. Mkubwa akasema basi atakuwa hapa kila Jumamosi, maana mdogo wake hamwamini na bahasha. Mdogo akasema na yeye vivyo hivyo.

Kwa hiyo, ndugu Mkurugenzi, naomba usijibu. Usichape, usije, usipige muhuri. Kaa kimya kama ulivyokaa miaka yote hii, kwa kazi hiyo peke yake nakuamini. Ningeichana barua yenyewe, ila wamesema watanisindikiza posta wote wawili, kila mmoja ahakikishe mwenzake hajaibadilisha.