Hospitali Iliyokwenda Semina

Kwa heshima na taadhima, Kamati Maalumu ya Kuchunguza Vifo vya Kina Mama Wajawazito, ambayo mimi ni katibu wake, inapenda kuutangazia umma kwamba sababu za vifo hivyo zimepatikana. Zitatajwa mara tu zitakapoidhinishwa. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu, hasa wajawazito.

Kazi haikuwa lelemama. Tulianza kwa semina hotelini, kwa kuwa hospitali haina mazingira rafiki ya kufikiri. Hotelini nako umeme hukatika, na wataalamu hawawezi kuumiza vichwa gizani, basi tukaazima jenereta ya hospitali. Tukaazima na gari la wagonjwa libebe mabegi ya wajumbe. Daktari wa wazazi tulimchukua atoe mada, na mkunga amshikie kipaza sauti. Tena, ili wajumbe wasije wakajadili mambo ya kusikia tu, tuliandaa Maonyesho ya Uzazi Salama pembeni mwa ukumbi: kitanda cha kujifungulia, mikasi, dripu, na jokofu la damu likiwa na damu yake ndani. Tukavizungushia kamba ya hariri na kibao kisemacho USIGUSE. Hospitalini tulimwacha mlinzi na benchi, maana hawakuwa na mchango wowote katika mada.

Siku ya semina Mwenyekiti alipanda jukwaani. Ni mtu mzito, kwa hoja na kwa kilo.

"Ndugu wajumbe," alisema, "tatizo kubwa ni kina mama wenyewe. Wanachelewa kufika!"

Tulipiga makofi. Makofi hayajaisha, mlango ukafunguka kwa kishindo, ukaingia mkokoteni.

Juu yake alilala binti mjamzito, nguo zimelowa damu. Aliyeusukuma ni mumewe, kijana mbeba mizigo wa sokoni, jasho linamtiririka. Mbele yao alitangulia mama mkwe wa binti, fundi cherehani, utepe wa kupimia nguo bado unaning'inia shingoni. Nilimzuia kwa adabu.

"Mama, hiki ni kikao. Mmealikwa?"

"Baba, tumetoka hospitali. Mlinzi katuambia hospitali imekuja semina. Na sisi tumeifuata."

"Sawa, lakini maswali ni baada ya chai."

"Mkwe wangu anamwaga damu, wewe unaniambia habari za chai?"

Binti alifumbua macho, akamshika mkono. "Mama, nakufa."

Yule mama aliangaza ukumbi mzima: daktari, mkunga, kitanda, damu, taa zinawaka. "Hufi, mwanangu," akasema. "Vyote tulivyokuwa tunaambiwa havipo, kumbe viko huku."

Nakiri kwamba niliingiwa na hofu. Kwanza niliogopea zulia. Kisha nikauona uso wa yule kijana, nikaogopa kikwelikweli. Mkunga alikuwa ameshaweka kipaza sauti chini na kuikata kamba ya hariri kwa mkasi wa maonyesho.

"Dada, simama hapo hapo!" Mwenyekiti alifoka. "Maonyesho hayajafunguliwa. Tunamsubiri mgeni rasmi!"

"Mgeni rasmi huyu hapa, mheshimiwa," mkunga alijibu bila kugeuka. "Ameshatanguliza kichwa."

Daktari aliacha mada katikati, tena palipokuwa panaanza kunoga. Mhudumu wa hoteli akaleta maji moto bila kibali cha mtu yeyote. Damu ya maonyesho ikatundikwa, ikaingia mwilini mwa mtu, jambo ambalo halikuwamo kwenye ratiba. Akazaliwa mtoto wa kike mwenye sauti ya kumshinda Mwenyekiti na kipaza sauti chake. Mama yake akabaki hai. Yule kijana alikaa chini kando ya mkokoteni akalia kwa kwikwi, na wajumbe wawili wakamuunga mkono.

Mwenyekiti alinuna, lakini ni mtu wa taratibu. Papo hapo alitoa uamuzi: kwa mujibu wa kanuni alizoziandika mwenyewe, maonyesho ambayo hayajafunguliwa hayawezi kufungwa. Kwa hiyo vifaa, gari na wataalamu wasiondoke hotelini hadi mgeni rasmi halisi atakapowasili. Mgeni rasmi alikuwa ng'ambo, kwenye mkutano wa vifo vya wajawazito, na mkutano ulikuwa umeongezewa siku.

Habari zikaenea. Kesho yake walikuja wajawazito, keshokutwa wakazidi. Ukumbi ulijaa, kisha vyumba vyetu vikachukuliwa kimoja kimoja. Meneja wa hoteli alituomba radhi huku akitusindikiza hadi nje ya geti. Kamati ikabidi ihamie kwenye jengo pekee la serikali lililokuwa tupu, yaani hospitali.

Tulifanyia kikao katika chumba cha kujifungulia, tumebanana kwenye benchi. Mvua ilikuwa inanyesha na ndani kulikuwa giza mchana kweupe. Mwenyekiti alikuwa anafoka kuhusu utovu wa nidhamu wa wajawazito wa siku hizi, presha ikampanda. Alishika kifua, akateleza kutoka kwenye benchi hadi sakafuni. Mlinzi alikuja mbio.

"Niitie gari," Mwenyekiti alisema kwa shida.

"Gari limembeba mama wa uchungu, mzee. Likimshusha hotelini litakuja."

"Daktari je?"

"Yuko hotelini."

"Basi washeni hata taa."

"Jenereta nayo iko hotelini. Pole sana, mzee." Mlinzi alimlegeza tai, akamfuta jasho kwa kofia yake.

Mwenyekiti alitutazama mmoja mmoja, machozi yanamlengalenga. "Kwa hiyo mmeamua nife?"

"Hapana, mzee," mlinzi alimjibu kwa upole. "Hapa hakuna aliyewahi kuamua mtu afe. Walikuwa wanakufa hivihivi tu."

Kauli hiyo iliungwa mkono na wajumbe wote. Tulimshika Mwenyekiti huku na huku, tukatega masikio kusikia kama gari linarudi.