Barua ya Posa Iliyofutika Kwenye Kompyuta Yetu

Jamani, leo nimejivua nguo mbele ya watu, tena kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mume wangu Seif anachapa barua za watu hapa nyumbani Kibiti. Wateja wanakuja na flashi zimejaa virusi, basi akaweka programu inayotengeneza kompyuta ya kivuli juu ya ile ya kweli. Virusi vinaishia kwenye kivuli. Ukizima na kuwasha upya, kila kilichoingia kimefutika, hata ulichoandika, usipokihifadhi pembeni. Kanieleza mara tatu. Mimi nilisikia kimoja tu: mwanaume akizima kompyuta, ushahidi hakuna! (Wivu ninao, sikatai.)

Asubuhi katoka kwenda kununua wino. Nikaikimbilia kompyuta. Looo! Barua ya posa! Mwombaji ni mtu mzima wa Kibiti, ana mke mmoja, ana shamba la mikorosho Mtawanya lenye kisima kipya, anaomba kumuoa Mwanahawa wa Ruaruke. Jina lake halijaandikwa bado. La nini? Seif ni mtu mzima. Mke mmoja ni mimi. Shamba letu liko Mtawanya. Nikaruka kitini mpaka kanga ikanidondoka.

Kwetu mume akikukosea unamwita mshenga aliyewaozesha. Nikampigia simu Mzee Mbonde. Akaja na mkewe, Bi Zuhura. Seif naye akarudi na wino wake. Nikawasogeza wote mbele ya kompyuta nifunue mambo.

Umeme ukakatika!

Uliporudi tukawasha. Hakuna barua, hakuna hata nukta.

"Iko wapi sasa?" akauliza Bi Zuhura.

"Imefutika, na afadhali," akasema Seif, akanigeukia mimi. "Mama Asha, siri za watu hizo. Nyamaza."

Mzee Mbonde akadakia, "Mwanangu, mumeo kasema kweli. Yaishe." Jasho linamchuruzika. (Nikadhani joto.)

Ninyamaze? Mimi, naletewa mke mwenza? Nikawasomea barua nzima kwa kichwa, toka salamu mpaka Mwanahawa, mpaka mikorosho na kisima chake.

"Kisima?" Bi Zuhura akanigeukia. "Seif ana kisima?"

Nikafikiri. Hana. Tunachota kwa jirani. (Wivu ukinishika, hata shamba langu silijui.)

"Hebu nambie tena, mwanangu," akasema Bi Zuhura. "Kisima kipya, Mtawanya?"

Hapo nikamwona Mzee Mbonde anatafuta viatu vyake.

"Mbonde!" Bi Zuhura akasimama. "Nimesimamia mafundi siku nne, jua la utosi, kumbe namchimbia maji Mwanahawa?"

Mshenga wetu katoka na kiatu kimoja. Seif akasema taratibu, "Nani ataniletea tena barua yake?" Toka hapo hajanisemesha. Nilitaka kuilinda ndoa yangu, nimevunja ya mshenga na nimemfukuzia mume wangu wateja, na bado sijala chakula cha mchana.

Bi Zuhura kakataa kurudi kwake. Anasema wanaume wanaojua kutunza siri kama Seif wameadimika.

Msicheke kwanza: yuko jikoni kwangu anampikia Seif chai, na mimi naandika haya shingo nimeigeuzia huko huko.