Mtambo Wangu wa Upepo

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya kupima umeme wa jengo letu la maduka! Makofi kila upande!

Haya, si kweli. Nimeambiwa nilete viti. Lakini kimoja nilikikalia, tena cha mbele.

Mhandisi, binti mdogo mwenye miwani mikubwa, kasema jenereta yangu ya dizeli iondoke. Eti moshi wake unaipasha dunia joto. Nikamwambia nimeuvuta tangu ujana, na mke wangu bado analalamika miguu yangu ni baridi. Watu hoi kwa kicheko. Yeye akaandika tu. Alhamisi atapima sola ya shemeji yangu, na mtambo mwingine wowote utakaoletwa. Mwenye mtambo utakaoshinda ndiye atakayekaa na ufunguo wa chumba cha mitambo.

Ufunguo wangu! Bila huo nitashinda nyumbani, natumwa sokoni kama mtoto.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji yuko juu ya paa na paneli zake, anapiga mluzi. Akaniuliza, shemeji, unastaafu lini? Nikamjibu jua likizama na yeye kwisha habari yake, ila upepo hauna saa za kazi. Naleta mtambo wa upepo! Mwenyewe nilishtuka kujisikia.

Jumatano, 5 Machi
Mtambo tayari. Feni ya zamani ya kinyozi wa jengo letu juu ya bomba refu, uani. Bibi harusi kabisa!

Haugeuki. Nimeupuliza kwa mdomo mpaka nikaona nyota. Upepo umegoma, hata nguo kwenye kamba zimetulia kama picha.

Basi. Mota ya feni bado nzima. Nimepitisha waya chini ya mkeka hadi kwenye betri ya sola ya shemeji. Kichwa changu hiki kingewekwa makumbusho.

Alhamisi, 6 Machi
Umezunguka! Vumbi likatimka! Wateja wakasogea kupunga upepo. Kinyozi, bwege yule, akauliza kwa sauti kama mtambo wangu unapokea upepo au unatoa.

Mhandisi akainua mkeka. Akafuata waya, taratibu, hadi kwenye betri. Nikatazama mawingu.

Akafurahi! Kasema alikuwa na wasiwasi kama sola ingehimili kinyozi, mashine za mshonaji na friji ya duka la dawa kwa mpigo. Kumbe imebeba vyote, na feni ya babu juu yake. Sola imeshinda. Shemeji kanikumbatia mbele za watu, kanishukuru kwa msaada. Nimetamani kumng'ata.

Ijumaa, 7 Machi
Ufunguo kachukua shemeji. Mimi nimepewa kitambaa cha kufutia paneli.

Lakini kosa lilikuwa la upepo, si langu. Mhandisi atarudi Jumatatu kutafuta mtambo wa kusaidia siku za mawingu. Maji! Tayari nimetengeneza gurudumu la vikopo chini ya bomba la paa. Mvua hakuna, ila hilo ni jambo dogo.

Kinyozi, najua unaichungulia shajara hii nikisinzia kwenye kiti chako. Unakumbuka umeme ulipokatika ukamwacha mteja na nusu kichwa, nikawaambia watu ndio mtindo mpya? Basi nilipe fadhila: Jumatatu panda juu ya paa na ndoo ya maji. Nikikohoa, mwaga.