Subaru Iliyoombewa

Watu wengine wakisikia breki zinalia hukimbilia kuokoa majeruhi. Jonah alikimbilia kusoma stika ya bima.

Jumatatu hiyo alikuwa ameketi kibandani sokoni Litein, chapati mkononi, akitafakari namna ya kuimaliza wiki bila kufanya kazi, lori la mkate lilipoigonga Probox kwa nyuma pale kwenye tuta. Probox ilikuwa imesimama kistaarabu kabisa, ikimpisha mzee na ng'ombe wake watatu. Mitungi ya maziwa ikaruka, barabara ikawa nyeupe, na mbwa wa soko zima wakaja bila kualikwa. Dereva wa lori alishuka mikono kichwani, akaanza kukiri kosa kabla hata hajaulizwa.

Jonah alimeza chapati iliyobaki kwa mkupuo. Alikuwa wakala kwa kazi: wakala wa mashamba, wakala wa mbolea, wakala wa visa za nchi asizojua ziko wapi, na msimu mmoja wa kura alikuwa wakala wa wagombea wawili waliokuwa wakishindana. Lakini katika uwakala wake wote hakuwahi kuona ajali safi namna hii. Aliyegongwa hana kosa. Aliyegonga ana bima. Na bima yenyewe ni ya Ngao ya Nyanda, kampuni ambayo humpa mtu asiye na kosa gari la badala mpaka lake litengenezwe au lilipwe. Si gari hivi hivi. Pikapu mpya ya milango minne, Jonah alikuwa ameziona kwa macho yake zikiwa zimepangwa nyuma ya ofisi yao Kericho.

Kule Siongiroi alikuwepo Ogoti, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mzuri sana asiyekuwa na mazoea ya kuuliza logbook, ile hati ya kuonyesha gari ni la nani. Alikuwa ametafuta pikapu tangu mwaka jana. Jonah alimpigia simu palepale, maziwa yakiwa bado yanatiririka mtaroni, akamwambia aanze kufurahi.

Mwenye Probox alikuwa Edinah, mjane ambaye kila mtu alimwita Mama Nelvine. Alikuwa na kashamba ka majani chai juu kidogo ya Litein, na kila asubuhi alikusanya maziwa ya majirani kuyapeleka kwenye kituo cha kupozea. Asipopita siku mbili, maziwa yanaganda. Asipopita wiki mbili, majirani wanatafuta mtu mwingine, na hapo ndipo mkate wake unapokatika. Jonah aliyajua hayo yote. Yalimsikitisha kwa kiasi cha dakika moja hivi.

Jumanne akawasha gari lake, akapanda kwenda kumwona. Hapa lazima tuseme neno kuhusu gari hilo, kwa heshima inayostahili. Lilikuwa Subaru ya buluu, na ndicho kitu pekee ambacho Jonah aliwahi kununua kwa pesa halali, au karibu na halali. Mke hakuwa naye. Nyumba alipanga. Lakini Subaru aliiosha mwenyewe kwa shampuu ya nywele, na mvua ikinyesha aliamka kwenda kuona kama imefunikwa. Akaiacha chini ya kilima ili isichafuke, akapanda kwa miguu.

"Chamgei, mama."

"Chamgei mising. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mimi ni Jonah, wa kwa marehemu mzee Tonui, kule karibu na kituo cha majani."

"Ooo! Wewe ndio ile kijana ilitoroka kuchuna majani ikalala kwa stoo ya jirani siku mbili?"

Jonah akacheka kicheko cha mtu mkubwa. "Hiyo ni ya zamani, mama. Sasa niko kwa mambo ya bima. Nimekuja juu ya Probox yako. Unajua wanafaa kukupa gari ingine?"

"Ati nini?"

"Haki ya Mungu. Lakini ukienda peke yako watakuzungusha mpaka viatu iishe. Wanataka mtu anajua lugha yao."

"Lugha gani? Nelvine wangu anajua Kizungu."

"Si Kizungu ya kawaida, mama. Ni Kizungu ya bima. Hata Wazungu wenyewe hawaielewi."

Mama Nelvine alitikisa kichwa kwa mshangao, akammiminia chai, akamshukuru Mungu kwa kumletea kijana mwenye roho safi. Jonah alitelemka kilima akipiga mbinja.

Alhamisi alirudi na fomu mbili. Moja ilisema kwamba mwenye gari amemruhusu Jonah amwakilishe. Hiyo mama akatia sahihi bila shida. Ya pili ilisema kwamba mwenye gari amelipokea gari la badala na hana dai lingine. Kwa fomu hizo mbili, Jonah angeichukua pikapu Kericho, angefika nayo Siongiroi kabla ya chakula cha mchana, na siku bima wangeulizia gari lao, wangemkuta mama na sahihi yake.

Mama Nelvine akavaa miwani, akasoma kwa sauti. "'Nimepokea gari.' Iko wapi?"

"Inakuja, mama."

"Basi sahihi pia inakuja."

"Ni karatasi tu, mama."

"Jonah, mimi nimepeleka majani kwa mzani miaka thelathini. Karani akitoa risiti kabla mzani isimame, sichukui. Niko hapo, nimenyoosha shingo, naangalia namba na macho yangu. Ikisimama, ndio nachukua. Baba yako alikuwa hivyo hivyo. Kwani hakukufunza?"

Baba yake alikuwa amemfunza, na sana. Jonah ndiye aliyekuwa stoo kwa jirani wakati wa masomo. Alimsihi mama kwa lugha zote tatu alizojua, akaapa, akataja jina la marehemu baba yake mara nne. Mama akakunja fomu vizuri, akamrudishia. Ile ya uwakilishi tu ndiyo Jonah aliyoituma Kericho kwa matatu jioni hiyo.

Usiku huo hakulala, lakini asubuhi akili ilikuwa imemjia. Mama anataka kuona gari? Ataona gari. Ataliona Jumamosi, atatia sahihi, halafu Jumanne gari "litaitwa sevisi" na halitarudi tena. Akachapa barua nzuri yenye muhuri aliochongesha kwa fundi mmoja wa mjini. Ilisema kwamba Ngao ya Nyanda inamkabidhi Bi. Edinah Subaru ya buluu, namba ya usajili ikafuata, aitumie bila kusumbuliwa na mtu yeyote mpaka gari lake litakapotoka gereji likitembea. Hayo maneno ya "bila kusumbuliwa na mtu yeyote" yalimpendeza mno. Aliyasoma mara tatu akajionea fahari.

Jumamosi aliipandisha Subaru kilimani, matope na yote, akiuma meno kila jiwe lilipogonga chini. Mama Nelvine na binti yake Nelvine walilizunguka gari, wakafungua milango, wakakaa, wakashuka. Mama akaisoma barua, akaisoma tena.

"Hii ndio walikupatia?"

"Hii hii. Nilipigana nao, mama. Walitaka kukupea kitu mbaya."

"Kongoi, asante sana. Mungu akuzidishie. Lakini hatuwezi kuendesha gari haijaombewa. Kesho utaleta ufunguo kanisani, unipee mbele ya watu. Nikitoka hapo naweka sahihi."

Jonah alikubali. Alipokuwa akiondoka alipita mbele ya gari na, bila kujua, akalipapasa boneti taratibu, akafuta tope kidogo kwa mkono wa shati. Mama Nelvine alimtazama akifanya hivyo.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Subaru ilifungwa utepe mwekundu na kuwekewa maua kwenye vioo. Mchungaji Isaiah aliliombea gari kipande kwa kipande: magurudumu, breki, usukani, hata taa ya nyuma ya kushoto aliitaja peke yake. Aliukemea kila mkono wenye nia mbaya juu ya gari hilo, na Jonah, macho yamefumbwa, akaitikia amina kwa nguvu kuliko wote. Kisha wakampa kipaza sauti.

Hapo ndipo mtu mwenye busara angesema asante akaketi. Lakini Jonah alikuwa hajawahi kupigiwa makofi maishani mwake, na yalimpanda kichwani haraka. Alisimulia jinsi alivyopambana na mabwana wakubwa wa Kericho. Kina mama wakapiga vigelegele. Akanyanyua ufunguo juu.

"Hii gari," alinguruma, "kuanzia leo ni ya mama! Mtu asikuje hapa kesho kusema ati ni yake! Akikuja, mumshike!"

"Tutamshika!" waumini wakajibu.

"Nami nitakuwa wa kwanza," alisema mzee wa kanisa, bwana Mathew, ambaye siku nyingine zote za wiki alikuwa chifu wa eneo hilo. Alisoma barua, akaipiga picha kwa simu yake, akamshika Jonah mkono kwa muda mrefu.

Wakamnywesha mursik, maziwa ya mgando, kibuyu kizima. Katika vurugu hizo za furaha mama akajaza fomu, akatia sahihi, akaikunja na kumtilia mfukoni mwenyewe. Jonah akaondoka na bodaboda, mara ya kwanza baada ya miaka mitano. Alivumilia. Ilikuwa ni ya siku mbili tu.

Jumatatu asubuhi alikuwa mtu wa kwanza ofisini kwa Ngao ya Nyanda. Karani wa kaunta, dada aliyeitwa Maxine, alipokea karatasi zake kwa tabasamu.

"Pikapu ya Mama Edinah?" alisema. "Si ilitoka Ijumaa saa nane. Nilimpigia simu kuhakikisha huyu mwakilishi anamjua, akakuja mwenyewe na binti yake. Tena aliizunguka mara mbili ndio akasign."

Jonah akanyoosha mkono kuzichukua tena karatasi zake, lakini Maxine alikuwa ameanza kusoma.

"Na hii fomu imeandikwa, 'Nimepokea Subaru ya buluu, viti safi, tairi ya akiba iko.'" Maxine akainua macho. "Lakini sisi hatuna Subaru. Hii Subaru ni ya nani?"

Lilikuwa swali zuri sana, na Jonah hakutaka kuwepo wakati wa kulijibu. Alitoka mbio, akasahau hata fomu. Simu ikalia njiani: ni Ogoti, amesimama Siongiroi na dereva aliyemkodi aiendeshe pikapu, anauliza iko wapi. Jonah akaizima.

Alimkuta Mama Nelvine uani, anasuuza mitungi. Pikapu nyeupe, iliyokuwa imefichwa kwa jirani tangu Ijumaa, sasa ilikuwa imeegeshwa kando ya zizi, inang'aa. Subaru haikuwepo.

"Gari yangu iko wapi?"

"Gari yako?" Mama aliketi juu ya mtungi. "Nelvine ameenda nayo Londiani kuleta mbegu ya viazi."

"Viazi! Ndani ya Subaru?"

"Magunia sita. Amekunja viti, inaingia vizuri."

Jonah alikaa chini kwenye majani. Machozi yalimjia, ya kweli, ambayo hakuwa ameyapangia kazi yoyote. "Mama, nihurumie. Ile gari ni yangu. Sina kitu ingine duniani."

"Najua ni yako. Mtu wa bima hapapasi gari namna ile. Ulikuwa unaipapasa kama ng'ombe umezalisha wewe." Sauti yake ilibadilika, ikawa kavu. "Na mimi nilikuwa na nini ingine, Jonah? Ungeuza hiyo pikapu, bima wangekuja kuchukua shamba yangu. Ulikunywa chai yangu ukijua hivyo."

Jonah akaomba msamaha kwa lugha zote tatu.

"Nenda kwa chifu basi," mama akaendelea, akitoa simu mfukoni mwa aproni. "Ama nimpigie? Umwambie gari ni yako. Umwambie pia ile barua na ile muhuri ilitoka wapi. Halafu umweleze mchungaji ulikuwa unaitikia amina ya nini."

"Utanirudishia lini?"

"Si uliandika mwenyewe? Probox ikitoka gereji ikitembea, siku hiyo kuja na ndoo yako na shampuu, utachukua. Mimi siwezi kupinga barua."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Jonah aliona mwanga. Alitelemka kilima akikimbia mpaka gereji ya Bosire, akiwa tayari kuinunulia Probox vipuri mwenyewe, kuipaka rangi mwenyewe, kuisukuma kwa mikono ikibidi. Bosire alikuwa amelala chali chini ya trekta.

"Probox ya Mama Nelvine," Jonah alihema. "Inatoka lini?"

"Inatoka kila siku, ndugu yangu." Bosire akajivuta nje, akafuta mikono. "Watu wa bima walikuja Jumatano wakasema chesisi imepinda, haitengenezeki, watamlipa mama. Yeye akaniuzia mabaki. Injini imeenda Sotik. Milango iko kwa banda ya kuku, hapo kwa Mokaya. Viti vimechukuliwa na kinyozi."

"Hakuna kitu imebaki?"

Bosire alitazama huku na huku, akaingia stoo, akarudi na usukani. "Hii tu. Chukua, sikudai kitu."

Jonah akauchukua, maana hakujua la kufanya na mikono yake. Akashika njia ya kurudi sokoni kwa miguu, usukani ameukumbatia kifuani. Hakuwa amefika mbali aliposikia nyuma yake mlio wa injini ambao angeutambua hata usingizini. Subaru ilikuja taratibu, imelala chini kwa uzito, magunia yamebanwa mpaka kwenye vioo, utepe mwekundu bado unapepea mbele. Nelvine akapunguza mwendo, akapiga honi kwa adabu.

Jonah akasogea kando ya barabara, akaipisha.